Imezimwa, imezimika au haijawashwa? Maneno ya kuripoti prosesa inapobana umeme

Neno ambalo ningelifuta leo kwenye kila skrini iliyoandikwa Kiswahili ni "haitumiki". Chukua mstari huu wa ukurasa wa hali ya mashine: "Udhibiti wa kasi ya prosesa: haitumiki." Mwalimu wa maabara ya kompyuta kule Tukuyu akiusoma ana haki ya kuuelewa kwa namna tatu. Uwezo upo ila hakuna aliyeuwasha. Au prosesa haikuundwa na uwezo huo. Au uwezo ulikuwepo, ukaharibika. Ya kwanza inatibiwa kwa dakika mbili ndani ya BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya mfumo endeshi. Ya pili haina tiba wala haihitaji. Ya tatu itamfanya apakie mashine kwenye Coaster hadi kwa fundi Mwanjelwa, alipe nauli na gharama ya ukaguzi, aambiwe kompyuta ni nzima.

Nawaandikia wale wanaotunga au kutafsiri taarifa hizi fupi: mafundi wanaoandaa mashine za Linux kwa ajili ya shule za Nyanda za Juu Kusini, vijana wa vyuo vya Mbeya na Iringa wanaochangia tafsiri za programu huria, na yeyote anayetengeneza kidirisha cha kuonyesha chaji na kasi. Kazi inaonekana ndogo, mistari kumi au kumi na tano tu. Lakini ndiyo mistari ambayo mtu huisoma umeme ukiwa umekatika, maabara ikiendeshwa na inverta, na anataka kujua kama mashine zitafika saa nane mchana.

Kwanza tukubaliane kinachoripotiwa. Prosesa hubana umeme kwa njia mbili kuu. Njia moja ni kushusha kasi na volti kwa pamoja. Intel ilileta SpeedStep kwenye laptopu za Pentium III mwaka 2000, AMD ikaleta PowerNow! mwaka huohuo, kisha Cool'n'Quiet ikaja na Athlon 64 mwaka 2003. Faida kubwa hutoka kwenye volti, kwa sababu umeme unaoliwa hufuata kasi moja kwa moja lakini hufuata mraba wa volti. Volti ikishuka kutoka 1.2 hadi 1.0, ulaji huo hupungua kwa asilimia 30 hivi kabla hata kasi haijaguswa. Njia ya pili ni kupumzisha viini, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake, visipokuwa na kazi. Viwango vyake vimepewa majina kwenye kanuni za ACPI, makubaliano ya watengenezaji kuhusu kudhibiti umeme wa kompyuta, zilizotoka mara ya kwanza Desemba 1996: C0 kiini kinafanya kazi, C1 kimetulia kidogo, na kadiri namba inavyopanda ndivyo pumziko linavyokuwa zito na kuamka kunavyochukua muda zaidi.

Kuna jambo la tatu ambalo si kubana umeme hata kidogo, ila kwa nje linafanana: prosesa kushushwa kasi kwa sababu imepata joto kupita kiasi. Taarifa inayochanganya hili na yale mawili ni taarifa mbovu. Mtu atafurahi kwamba mashine inatunza chaji, kumbe feni imejaa vumbi.

Hapa Kiswahili kina msaada mkubwa, na wengi hatuutumii. Kitenzi chetu hubeba habari ya nani katenda. "Imezimwa" inadai mtendaji. Msomaji atauliza mara moja, na nani? Basi mjibu papo hapo: "imezimwa kwenye BIOS" au "imezimwa na mtumiaji". "Imezimika" inasema ilijifia, haina mkono wa mtu, kwa hiyo iache kabisa isipokuwa kweli kuna hitilafu. "Haijawashwa" inaahidi kwamba inaweza kuwashwa, hivyo usiiandike kama hujui. Na kwa kisichokuwepo sema tu "haina": "Prosesa hii haina uwezo wa kubadili kasi." Kwa maneno hayo manne "haitumiki" haihitajiki tena.

Kiambishi -ji- nacho ni hazina. "Prosesa imejipunguza kasi, haina kazi nyingi" ni habari njema. "Prosesa imepunguzwa kasi kwa sababu ya joto" ni onyo. Herufi chache tu zinatenganisha kubana umeme na hitilafu, na msomaji wa kawaida huzihisi bila kufundishwa. Ninashauri kanuni hii ishikwe bila kulegezwa: kila kinachofanywa na prosesa kwa hiari kiandikwe kwa -ji-, na kila inachofanyiwa kiandikwe kwa kutendwa, kikifuatwa na sababu.

Sasa maneno ya kuepuka. "Umeme umepunguzwa" usiliandike kamwe. Kwetu umeme ukipungua maana yake taa zimefifia na friji inaguna. Mtu atakimbilia swichi kuu kuokoa vifaa vyake. Kiima cha sentensi kiwe prosesa, umeme uje baadaye: "Prosesa inabana umeme." "Kubana" linaeleweka kuliko "kuhifadhi", ambalo kwenye kompyuta limeshachukuliwa na mafaili. "Imesimama" nalo ni hatari. Amri inayokipumzisha kiini kwenye C1 kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya kusimama, na mtafsiri mwenye haraka huandika "Viini 3 vimesimama". Mtumiaji anasoma kwamba mashine imeganda. Andika "vimepumzika". Neno "kulala" liachie mashine nzima, pale mtu anapofunga kifuniko cha laptopu, maana ndivyo watu wanavyosema tayari.

Na "Kosa!" mwanzoni mwa taarifa ya joto ni neno la kumsingizia mtu. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiona "Kosa" anajua amekosea yeye, anazima mashine kwa kitufe na kukaa kimya. "Tahadhari" inatosha.

Kabla ya kuandika neno lolote, programu yako ijibu maswali manne kwa mpangilio huu: prosesa ina uwezo? BIOS imeruhusu? Mfumo una draiva (programu ya kuendeshea kifaa) inayoutumia? Sasa hivi inafanya nini? Taarifa nyingi mbovu huzaliwa pale programu inapojibu swali la nne kumbe imeuliza la tatu tu. Kwenye Linux mwanzo wa ukaguzi ni huu:

P=/sys/devices/system/cpu/cpu0
if [ ! -d $P/cpufreq ]; then
  if grep -qw hypervisor /proc/cpuinfo; then
    echo "Mashine hii inaendeshwa ndani ya nyingine. Kasi inaamuliwa na mashine mama."
  elif grep -qwE 'est|hw_pstate' /proc/cpuinfo; then
    echo "Prosesa ina uwezo wa kubadili kasi, ila mfumo haujapata njia. Anza na BIOS."
  else
    echo "Mfumo hauoni uwezo wa kubadili kasi."
  fi
fi

Alama "est" kwenye /proc/cpuinfo ni ya Intel, "hw_pstate" ni ya AMD. Tazama tawi la mwisho: halisemi "prosesa haina". Athlon 64 za zamani hazina alama yoyote kati ya hizo mbili. Huonyesha "fid" na "vid", na uwezo zinao. Kama hujathibitisha kutokuwepo, kiima kiwe mfumo: mfumo hauoni. Huo ni ukweli.

Mfumo endeshi wa FreeBSD uliwahi kuwa na taarifa maarufu iliyosema kwamba prosesa ina SpeedStep iliyoboreshwa lakini haitambuliki, ikifuatwa na namba ndefu ya rejista. Nani hamtambui nani? Kilichotokea ni kwamba draiva haikuwa na jedwali la kasi na volti za modeli ile. Kiswahili chake kingekuwa: "Draiva haina jedwali la kasi la modeli hii ya prosesa." Mtenda yupo, pengo liko wazi, na hakuna anayedhani prosesa ni bandia. Ile namba ya rejista ibaki, kwa sababu ndiyo atakayoihitaji mtu wa kurekebisha.

Kinyume chake, draiva ya Linux ya powernow-k8 ilipokosa majedwali ya BIOS ilimwambia mtumiaji kwanza ahakikishe Cool'N'Quiet imewashwa kwenye BIOS, kisha kama haikusaidia ajaribu toleo jipya la BIOS. Huo ni uandishi wa kuigwa: sababu, hatua ya kwanza, hatua ya pili. Angalia pia kwamba ilitaja jina la kiwanda. Majina haya hayamwambii kitu mtumiaji wa Makambako mpaka afungue menyu ya BIOS, na hapo ndipo yanapokuwa kila kitu, maana menyu yenyewe haijatafsiriwa. Kwa hiyo eleza kwa Kiswahili, kisha weka jina kama lilivyo kwenye menyu: "Washa kubadili kasi kwenye BIOS. Tafuta 'SpeedStep', 'EIST' au 'Cool'n'Quiet'." Ukilitafsiri jina lenyewe umemfungia mlango.

Folda ya cpufreq ikiwepo, soma faili mbili pamoja, scaling_driver inayotaja draiva na scaling_governor inayotaja kanuni ya kupandisha na kushusha kasi. Nasisitiza pamoja, kwa sababu hapa ndipo hata wazoefu huteleza. Chini ya acpi-cpufreq, "powersave" hubana prosesa kwenye kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, hata kazi ikiwa nyingi. Chini ya intel_pstate, iliyoingia Linux 3.9 mwaka 2013, neno hilohilo "powersave" maana yake kasi inapanda na kushuka kufuata kazi. amd-pstate-epp nayo hufanya hivyo. Ukitafsiri neno kwa neno utaandika "Hali ya kubana umeme", na fundi atabadilisha kwenda "performance" akidhani ameiponya mashine nzito, wakati polepole ilitokana na diski. Mapendekezo yangu:

"powersave" ikiwa na acpi-cpufreq: "Kasi imefungwa chini kabisa."
"powersave" ikiwa na intel_pstate au amd-pstate-epp: "Kasi inafuata kazi."
"ondemand" na "schedutil": "Kasi inafuata kazi." Mtumiaji hahitaji kujua tofauti zao.
"conservative": "Kasi inafuata kazi, inapanda taratibu."
"performance": "Kasi inawekwa juu muda wote."
"userspace": "Kasi imewekwa kwa mkono."

Vikomo vya BIOS vinahitaji taarifa ya peke yake. Draiva ya acpi-cpufreq huweka faili la bios_limit. Ikiwa namba yake iko chini sana ya cpuinfo_max_freq, kuna kitu kimebana mashine kutoka chini ya mfumo endeshi, na hakuna mpangilio wa Linux utakaoifungua. Sababu moja inayojirudia kwenye laptopu zilizotumika ni chaja. Aina kadhaa huitambua chaja kwa waya wa tatu wa katikati. Ukinunua mbadala yenye plagi inayoingia vizuri lakini isiyotoa utambulisho, au ya wati 65 mahali pa 90, mashine inawaka na prosesa inabaki kwenye kasi ya chini. Linux haioni chaja kwa undani huo, kwa hiyo taarifa isidai inajua: "BIOS imeiwekea prosesa kikomo cha GHz 0.8. Kama umebadilisha chaja, jaribu ya awali."

Weka kizingiti cha asilimia 90 kabla ya kulalamika. Majedwali mengi ya ACPI huandika kasi ya juu kama MHz 2401, ile 1 ya ziada ikiwa alama ya kuruhusu kasi ya nyongeza. Kikomo cha 2400 dhidi ya 2401 kinamaanisha kwamba nyongeza imefungwa tu, na mtumiaji hana sababu ya kuamshwa kwa hilo. Kwa sababu hiyohiyo usichapishe "GHz 2.401", zungusha hadi desimali moja.

Windows huandika tukio namba 37 la Kernel-Processor-Power likisema kwamba kasi ya prosesa fulani inabanwa na programu ya ndani ya mashine, na kwa sekunde ngapi tangu ripoti iliyopita. Limetaja mbanaji na muda. Linalokosa ni hatua ya kuchukua, ambayo ndiyo unayoweza kuongeza ukiandika yako.

Kwenye joto, kosa kubwa ni la nyakati za kitenzi. Kwa prosesa za Intel, faili la thermal_throttle/core_throttle_count hutoa idadi ya mara kiini kilipobanwa tangu mashine iwashwe. Haisemi habari za sasa. Programu ikiona 14 ikaandika "Prosesa inabanwa na joto", inasema uongo, maana yote kumi na nne huenda yalitokea asubuhi wakati wa kuwaka. Andika "Prosesa ilibanwa na joto mara 14 tangu iwashwe." Ukitaka "inabanwa" soma faili mara mbili, kwa nafasi ya sekunde 10, na uitumie tu kama namba imepanda. Nyuzi joto ziko kwenye /sys/class/thermal, zikiandikwa kwa elfu: 61000 ni nyuzi 61. Soma kwanza faili la type, uchague yenye x86_pkg_temp. Thermal_zone0 mara nyingi ni kihisio kingine cha ubao, na utaripoti nyuzi 27 wakati prosesa iko 90.

Huku kwetu watu huamini baridi ya Juni na Julai inatosha kulinda mashine. Inasaidia, ila Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo mzunguko uleule wa feni unabeba joto pungufu. Ongeza vumbi la Septemba na Oktoba. Taarifa ya joto imalizike kwa kazi ya mkono: "Safisha feni na matundu ya hewa. Ikirudia, badilisha pesti ya prosesa."

Kasi ya papo kwa papo ina mtego wake. Programu inaposoma scaling_cur_freq inaweza kukiamsha kiini ili kisome, hivyo namba ikapanda kwa sababu ya kutazamwa. Usiionyeshe ikirukaruka kila sekunde. Kinachomfaa mtu ni muda wa kupumzika: soma faili za time chini ya cpuidle kwa kila hali, ukiacha ile inayoitwa POLL maana hiyo haipumzishi kitu, subiri dakika moja, soma tena, toa. Namba ni za sehemu ya milioni ya sekunde, basi jumla ya tofauti ikiwa 55,200,000 ndani ya sekunde 60 ni asilimia 92. "Kiini kilipumzika asilimia 92 ya dakika iliyopita." Mstari huo mmoja unamwambia mwalimu kwamba maabara inabana umeme kweli.

Ahadi za uniti za LUKU usizitoe kirahisi. Faili la energy_uj chini ya /sys/class/powercap/intel-rapl:0 hupima prosesa peke yake. Skrini, diski na hasara ya pawa saplai havimo. Tangu mwishoni mwa 2020 Linux inamruhusu msimamizi mkuu pekee kulisoma, kwa sababu za usalama. Kaunta yake pia hujaa na kurudi sifuri, hivyo tofauti ikitoka hasi ongeza kiwango cha max_energy_range_uj. Ukiitumia, taja mipaka: "Prosesa pekee imetumia uniti 0.02 leo."

Sarufi ya namba huvunja tafsiri nyingi. Prosesa haibadiliki kwa wingi lakini kiini hubadilika: "Kiini 1 kimepumzika", "Viini 3 vimepumzika". Kwenye faili la gettext, lile la tafsiri za programu, tangaza maumbo mawili, nplurals=2; plural=(n != 1), na sifuri uitungie sentensi yake, "Hakuna kiini kilichopumzika", kwa sababu "Viini 0 vimepumzika" hakuna anayesema hivyo. Tumia tarakimu, maana maneno yatakudai upatanisho: viwili, vitatu, vinne, vitano, kisha sita na saba visivyobadilika. Kipimo kitangulie namba, kama tunavyosema kilo 5 na shilingi 500: GHz 1.6, nyuzi 61, asilimia 92. Hapo mpangilio wa viambata, yaani namba na maneno yanayojazwa kwenye sentensi, hugeuka, kwa hiyo mwandishi wa programu atumie %1$s na %2$s. printf ya bash haiyakubali maumbo hayo. Kwenye skripti panga vigezo mwenyewe.

Kumbukumbu za kerneli, moyo wa mfumo endeshi, usizitafsiri. Mtu anayehangaika usiku anakili mstari na kuutafuta mtandaoni, na wa Kiswahili hautampatia kitu. Linux yenyewe haitafsiri ujumbe wa kerneli. Kiswahili kikae kwenye arifa na ukurasa wa hali, na chini yake, kwa herufi ndogo, mstari wa asili.

Kisha jaribu kila taarifa kwa kuizalisha kweli. Andika powersave kwenye scaling_governor, shusha scaling_max_freq, zima SpeedStep au Cool'n'Quiet kwenye BIOS, ipe prosesa kazi nzito kwa stress-ng --cpu 4 --timeout 60 mashine ikiwa imekaa juu ya meza ngumu. Usizibe matundu ya hewa ili upate joto. Kila ujumbe unapotokea msomee mtu asiye fundi, mara moja tu, umuulize: "Sasa utafanya nini?" Akijibu "sijui" kwa ujumbe wa tahadhari, rudi kaandike upya. Akijibu "sifanyi kitu" kwa "Prosesa imejipunguza kasi, haina kazi nyingi", mstari huo umekwisha, nenda kwa unaofuata.